Grafu tupu isiyobadilika: kwanini laibrari ya databesi ibebe kitu kisicho na kitu ndani

Kuna dogo mmoja yuko field hapa ofisini kwetu Uyole, juzi kafungua kodi (code) ya TinkerPop, laibrari ya databesi za grafu, kwenye kompyuta yake akakutana na klasi, yani kipande cha kodi kinachoelezea kitu cha aina moja, inaitwa EmptyGraph, akaisoma yote mpaka mwisho maana ni fupi, alafu akaniita. "Kaka, hii klasi mbona haifanyi kitu? Ukiiomba nodi inakwambia hamna, ukiiomba viungo inakwambia hamna, ukitaka kuweka kitu inakataa. Sasa mtu mzima alikaa akaiandika ya nini?" Nikamwambia vuta kiti. Yale maongezi yalitumaliza mchana wote, mvua inapiga bati na umeme unakatika unarudi, na naona niyaandike maana wengi tunaipita hii klasi kila siku bila kujua kuwa tunaitumia, na mimi nimeielewa baada ya mambo yangu kuharibika mara mbili.

Kwanza grafu yenyewe, kwa ambao hawajazoea. Hapa hatuongelei ile chati ya mistari ya kupanda na kushuka. Grafu ni vitu pamoja na uhusiano wa hivyo vitu, vitu tunaviita nodi na uhusiano tunauita viungo. Chukua barabara zetu. Uyole ni nodi, Tukuyu ni nodi, Kyela ni nodi, Kasumulu pale mpakani na Malawi ni nodi, na lami inayotoka Uyole kushuka Tukuyu ni kiungo. Ukiwa palepale Uyole ukageukia upande mwingine unashika barabara kuu ya TANZAM, unapita Igawa unafika Makambako ambako njia inachepuka kwenda Njombe na Songea, ukinyoosha unaenda Mafinga na Iringa. Ukirudi huku unapita Mbeya mjini unaenda mpaka Tunduma. Hiyo yote ni grafu moja. Hisabati yake ni ya zamani, wengi wanaianzia kwa Euler mwaka 1736 na swali la madaraja saba ya Königsberg, yani kama mtu anaweza kuyavuka yote kila moja mara moja tu, na jibu likawa haiwezekani. Databesi ya grafu inahifadhi data kwa mtindo huohuo wa nodi na viungo badala ya majedwali, kwaiyo swali kama "kutoka Makambako naweza kufika wapi kwa kupita vituo viwili" linajibika kwa kutembea kwenye viungo, huhitaji kuunganisha majedwali matano.

TinkerPop ni laibrari ya kufanyia hizo kazi. Ulianza kama mradi mwaka 2009, 2015 ukaingia Apache, taasisi inayosimamia programu huria, kwenye ngazi ya malezi, 2016 ukawa mradi kamili wa Apache. Una lugha yake ya kuuliza maswali inaitwa Gremlin, na databesi nyingi zinaielewa, JanusGraph, Amazon Neptune na nyingine. Kiini chake kimeandikwa kwa Java. Na humo ndani ndo ipo EmptyGraph, grafu ambayo haina nodi wala kiungo, na haitakaa iwe navyo.

Sasa kwanini.

Miaka ya nyuma nilishiriki kutengeneza mfumo wa watu wanaosafirisha viazi, mzigo unatoka mashambani Uporoto na kule juu unakuja mjini, mwingine unapandishwa kwenye malori ya Dar. Kila msafirishaji alikuwa na grafu yake ya njia, vituo anavyopakia na barabara anazotumia. Kulikuwa na metodi moja, unaipa jina la msafirishaji inakurudishia grafu yake. Swali dogo kabisa ambalo hakuna aliyelijadili kwenye kikao ni hili: msafirishaji akiwa amejisajili leo asubuhi, hajaweka hata kituo kimoja, hiyo metodi irudishe nini?

Sisi tukarudisha null, yani alama ya kwenye kodi inayosema hapa hakuna kitu chochote. Ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani kwa mtu yeyote wa Java, hamna grafu basi null. Ikafanya kazi kwenye majaribio kwasababu data yetu ya majaribio wote walikuwa na njia. Siku mfumo umeingia kazini, msafirishaji mpya kafungua ukurasa wa ramani, kodi ikajaribu kuiuliza null "nipe nodi zako", programu ikaanguka palepale. Tukarekebisha ule ukurasa, tukaweka "kama siyo null ndo endelea". Wiki ikafuata ripoti ya mwezi ikaanguka kwa sababu ileile. Tukaweka "kama siyo null" nyingine. Alafu hesabu ya mafuta. Alafu ujumbe wa simu kwa madereva. Mwisho kodi nzima ilijaa hayo maswali ya kama siyo null, na sehemu moja tu ukisahau, unaamshwa saa tisa usiku.

Tony Hoare, ambaye ndiye aliyeiweka hiyo null kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama kwenye mkutano London mwaka 2009 akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Alisema aliiweka kwasababu ilikuwa rahisi kuiweka.

Ila tatizo la null siyo kuanguka tu, tatizo kubwa ni maana. Ukipiga hodi kwenye nyumba ya mtu, kuna majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Moja, mwenyewe anatoka anakwambia "karibu, ila leo kwa kweli hamna kitu". Lingine, kimya, hakuna anayeitikia, na wewe hujui kama wamesafiri au wamelala, huenda hata nyumba siyo hiyo. Lile la kwanza ni jibu kamili, unaweza kulifanyia kazi, unaenda kwa jirani. La pili siyo jibu. Sasa null inayachanganya yote mawili, msafirishaji asiye na njia anapata null, msafirishaji ambaye hayupo kabisa kwenye mfumo anapata null, na ukikosea jina la databesi nayo null. Kiswahili kinatenganisha vizuri tu, "hamna" na "sijui" hazijawahi kuwa neno moja. Hata hili neno letu sifuri tumelichukua kwenye Kiarabu ambako sifr maana yake ni tupu. Utupu ukapewa jina, ukawa namba unayoweza kuijumlisha na kuitoa, na hesabu zote zikaenda bila mtu kusimama kila mstari kuuliza kama namba ipo.

EmptyGraph ni hiyo sifuri kwa upande wa grafu. Badala ya kurudisha null unarudisha grafu ya kweli kabisa, ina metodi zote ambazo grafu nyingine yoyote inazo, ila ndani haina kitu. Ukiiuliza nodi zako ziko ngapi, sifuri. Ukiizungusha kwenye luupu, luupu inazunguka mara sifuri inatoka. Ukurasa wa ramani unachora ramani isiyo na alama, ripoti inatoa jumla ya kilometa 0, na hizo zote ni taarifa za kweli kuhusu yule mtu. Zile "kama siyo null" zote unazifuta. Kwa wanaopenda majina ya mitindo, huu unaitwa Null Object, Bobby Woolf aliuandika miaka ya tisini. Na kama unatumia Java umeshautumia bila kujua, Collections.emptyList ni kitu hichohicho kwa upande wa orodha.

Hapo dogo akanikatiza. "Sawa kaka, nimeelewa tupu. Ila kwanini isiyobadilika? Si ningetengeneza tu grafu mpya ya kawaida, haina kitu, nikairudisha?"

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo niliharibu mara ya pili.

Baada ya kuchoka na null tulifanya hivohivo anavyosema. Tukatengeneza TinkerGraph moja, hii ni grafu ya TinkerPop inayokaa kwenye memori, ya kawaida, unaweza kuongeza nodi na kufuta. Tukaiacha tupu, tukaiweka kwenye kigezo cha static, yani kimoja kinachotumiwa na kodi yote, na kila msafirishaji asiye na njia tukawa tunamrudishia hiyohiyo moja, tuliona kuunda mpya kila mara ni kupoteza memori bure. Siku mbili hivi ikaenda vizuri. Siku ya tatu msafirishaji mmoja mpya akaingiza kituo chake cha kwanza, sehemu ya kodi iliyokuwa inapokea hicho kituo ikachukua grafu iliyorudishwa ikaongeza nodi humohumo. Kuanzia dakika ile, kila msafirishaji mpya aliyefungua ramani aliona kituo cha yule mwenzake. Watu wasiojuana, wengine wanashindana kwenye biashara moja, wanaona anakopakia mwenzao. Nilipigiwa simu na mama mmoja anaongea kwa upole kabisa, "mwanangu, hii Isyonje kwenye ramani yangu imetoka wapi, mimi sijawahi kupakia Isyonje", na mpaka leo nikiikumbuka ile simu naona aibu, maana yule mama alituamini.

Wa Python mnaijua hii bagi kwa sura nyingine, ile ya kuweka orodha tupu kama thamani ya kuanzia kwenye fankisheni. Unadhani kila ukiiita fankisheni unapata orodha tupu mpya, kumbe orodha ni moja, imeundwa mara moja pale fankisheni ilipotengenezwa, na kila anayeongeza kitu anaongeza kwenye orodha ya wote. Ni kosa lilelile. Utupu unaogawanywa kwa watu wengi na bado unaweza kujazwa, siku moja utajazwa tu, hilo halina mjadala.

Tukasema basi, tuunde mpya kila mara. Hapo kuchanganyika kwa data kukaisha, likaja lingine ambalo kwangu mimi ni baya zaidi kwasababu halina dalili. Msafirishaji anaongeza kituo, kodi inapokea ile grafu tupu mpya, inaongeza nodi, hakuna kosa lolote, skrini inaandika "imehifadhiwa". Alafu ile grafu haijaunganishwa na databesi popote, ilikuwa ya kurudisha jibu tu, ikitoka kwenye metodi inasafishwa na Java na kile kituo kinaondoka nacho. Mtu anarudi kesho hakuti kitu. Anaingiza tena, inasema imehifadhiwa, kesho hamna. Tulikaa nalo karibu wiki mbili tukihisi ni mtandao.

Sasa angalia EmptyGraph inavyofanya ukiijia na addVertex. Inarusha kosa palepale, UnsupportedOperationException, yenye ujumbe unaosema grafu hii haikubali kuongezwa nodi. Ukitaka kufungua muamala kwa tx, inarusha. Ukitaka kuipa kazi ya kukokotoa kwa compute, inarusha. Ukitaka sehemu ya kuweka vigezo vya grafu, inarusha. Lakini ukiiomba nodi, hata ukitaja namba maalum ya nodi unayoitaka, inakupa kwa utulivu itereta (kile kinachokupitisha kwenye vitu kimoja kimoja) isiyo na kitu. Ukiifunga kwa close, haina cha kufunga, inanyamaza. Na ukiiuliza mapema uwezo wako ni upi kupitia features, inasema kwa uwazi kabisa kwamba haihifadhi kitu, haina miamala na haipokei nodi, kwaiyo kodi iliyoandikwa kwa uangalifu inaweza kujua kabla hata haijajaribu.

Yani kusoma ni kimya, kuandika ni kelele. Dogo aliona ni ubaguzi, kwanini isinyamaze kote au isipige kelele kote? Mimi naona hapo ndo pameandikwa kwa akili kuliko pote. Swali la kusoma lina jibu la kweli. Nodi ziko ngapi? Sifuri, kweli tupu. Kuna njia ya kutoka Uyole kwenda Kyela ndani ya grafu hii? Hakuna, kweli tupu. Hakuna sababu ya kumtisha mtu kwa swali lenye jibu. Lakini anayeandika anaomba ahadi, anasema kipokee hiki na nikirudi nikikute. Grafu tupu haiwezi kutoa hiyo ahadi. Ikinyamaza ikapokea, imedanganya, na ndo ule uongo wa "imehifadhiwa" uliotula wiki mbili. Tungekuwa na grafu isiyobadilika siku ile, kosa lingelipuka kwenye majaribio kabla ya chai ya saa nne, likitaja mpaka mstari wa kodi.

Na ikishakuwa haibadiliki, mambo mengine yanakuja yenyewe. Haina haja ya kuwa nyingi. Kwenye kodi yake mlango wa kuiunda umefungwa kwa nje, konstrakta ni ya ndani tu, na unaipata kwa kuita EmptyGraph.instance, ambayo inakupa ileile moja kila siku. Thredi mia moja, yani kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu, zinaweza kuisoma kwa wakati mmoja bila kufuli lolote, maana kufuli tunaliweka pale ambapo kuna anayebadilisha wakati mwingine anasoma, na hapa hakuna wa kubadilisha. Ule uroho wetu wa kuokoa memori kwa kugawana grafu moja ulikuwa na hoja, kosa ni kwamba tuligawana kitu kinachobadilika.

Kuna mkanganyiko wa maneno hapa ambao lazima niuguse maana unawapoteza hata watu wazoefu. Ukisema grafu tupu unaweza kuwa unamaanisha vitu viwili. Siku za masika barabara za udongo za kwenda mashambani zinaharibika, fikiria siku ambayo zote zimefungwa. Vijiji bado vipo, wote tunavijua kwa majina, ila hakuna njia inayopitika kati ya kimoja na kingine. Hiyo ni grafu yenye nodi isiyo na viungo. Tofauti kabisa na yule msafirishaji aliyejisajili leo ambaye hana hata kijiji kimoja, hana nodi wala kiungo. Kwa dereva tofauti ni kubwa, wa kwanza anasubiri jua, wa pili hajaanza kazi. EmptyGraph ya TinkerPop ni ile ya pili, haina hata nodi. Lakini ukienda kwenye NetworkX, laibrari ya grafu ya Python, utakuta empty_graph ni ile ya kwanza, unaipa idadi ya nodi inakuundia bila viungo, na ile isiyo na chochote wameiita null_graph. Kwaiyo mtu wa NetworkX na mtu wa TinkerPop wanaweza kubishana nusu saa kuhusu grafu tupu kumbe kila mmoja ana yake kichwani. Ukisikia neno hilo uliza kwanza, nodi zipo au hazipo?

Na hiyo isiyo na nodi hata wanahisabati imewasumbua. Mwaka 1974 lilichapishwa andiko la Frank Harary na Ronald Read lililokuwa linajadili swali hilihili, kama grafu isiyo na nodi hata moja ina maana yoyote au tuiondoe tu kwenye hesabu. Kinachosumbua ni maswali kama hili: je imeungana? Grafu imeungana kama kutoka nodi yoyote unaweza kufika nodi nyingine yoyote. Kwenye grafu isiyo na nodi hakuna anayeshindwa kufika, kwaiyo unaweza kusema imeungana. Lakini grafu iliyoungana inatakiwa iwe na kipande kimoja, na hii ina vipande sifuri, kwaiyo unaweza kusema haijaungana. NetworkX wamechagua nini? Ukiwauliza kama null_graph imeungana hawasemi ndiyo wala hapana, inarushwa eksepsheni, yani kosa, waliyoipa jina NetworkXPointlessConcept, na ujumbe wake unasema muungano hauna maana kwenye grafu ya aina hii. Nilipoikuta nilifurahi sana kwasababu ni kanuni ileile ya TinkerPop imetokea kwa watu wengine kabisa kwenye lugha nyingine. Idadi ya nodi? Sifuri, kimya. Imeungana? Hapa hakuna jibu la kweli, basi kelele.

Wa NetworkX mkitaka grafu tupu isiyobadilika ya kwenu, mnaunda ya kawaida mnaipitisha kwenye freeze, baada ya hapo yeyote anayejaribu kuongeza nodi anapata kosa.

Narudi TinkerPop, maana kuna sehemu ambapo huu utupu wenyewe unaweza kukuumiza. Matoleo ya nyuma ya mfululizo wa 3, ulipotaka kuongea na databesi iliyoko kwenye seva ya mbali, ulianza na EmptyGraph.instance, ukaiita traversal, alafu ukamalizia na withRemote ukitaja seva ilipo. Ukiangalia haraka unashangaa, naenda kwenye seva yenye data kibao, kwanini naanzia kwenye grafu tupu? Sababu ni kwamba upande wako huna grafu, data yote iko kule, lakini muundo wa laibrari unasema kila swali lazima lishikwe na grafu fulani. Kwaiyo EmptyGraph inakaa pale kushika nafasi, swali linaandikwa upande wako, linafungashwa, linasafirishwa, linajibiwa kule. Siku hizi unaandika traversal moja kwa moja na hiyo EmptyGraph inawekwa kwa ndani bila wewe kuiona.

Sasa sahau kipande cha withRemote. Kodi inakompaili, inakimbia, unauliza nodi ziko ngapi, unapata 0. Hakuna kosa lolote. Na ni kweli, umeiuliza grafu tupu na imekujibu ukweli wake, ila wewe ulidhani unauliza seva ya kazini. Mtu anaweza kushika kichwa akadhani data yote imefutika. Hapa utulivu wa kusoma unakuwa mtego, na sitaki kulificha hilo kwa kuwa naipenda hii klasi. Dawa yake ninayoitumia ni ndogo: nikipata sifuri nisiyoitegemea, kabla sijagusa kitu kingine naangalia grafu niliyoshika ni ya klasi gani, ikiwa EmptyGraph na hakuna muunganisho wa mbali, basi sijafika hata mlangoni kwa seva. Au jaribu kuandika nodi moja ya majaribio kwenye mazingira ya majaribio, ukisikia kelele ya kukataa kuongezwa nodi unajua uko wapi.

Ukishaijua EmptyGraph utaanza kuwaona ndugu zake. Ndani ya TinkerPop kuna EmptyStep pia. Swali la Gremlin ni mnyororo wa hatua, kila hatua inajua iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Ya kwanza je, kabla yake kuna nini? Wangeweza kuweka null, na kila kodi inayotembea kwenye mnyororo ingelazimika kuuliza "kama siyo null". Wameweka EmptyStep. Na swali la juu kabisa, ambalo halimo ndani ya swali lingine, mzazi wake ni EmptyStep, ndo laibrari inavyojua kuwa imefika kwenye mzizi. Ni kama stesheni ya mwisho ya reli, hata pale reli inapokoma kuna kizuizi kimejengwa kuonyesha kuwa imekoma, hukuti reli imeachwa porini tu.

Dogo akauliza la mwisho, saa kumi na moja hiyo, baridi imeshaanza kushuka. Kwenye mfumo wetu wa sasa tunatumia wapi? Nikamfungulia ile metodi ya zamani. Saivi inarudisha vitu vitatu tofauti. Msafirishaji mwenye njia anapata grafu yake. Msafirishaji aliyepo ila hana njia anapata EmptyGraph, na kuongeza kituo cha kwanza kunapita kwenye metodi nyingine kabisa, ile inayofungua grafu halisi kwenye databesi, kwahiyo mtu akiandika kwenye ile tupu kwa bahati mbaya tunajua siku hiyohiyo. Msafirishaji asiyekuwepo kwenye mfumo, au seva isipofikika, hapo hatupendezeshi, kosa linarushwa lenye jina lake.

Kwa nje mtumiaji anaona skrini mbili ambazo zamani zilikuwa moja. Ya kwanza ni ramani ya Mbeya yote, safi, haina alama hata moja, na chini imeandikwa "Bado hujaweka kituo. Bonyeza hapa uanze." Ya pili haina ramani kabisa, imeandikwa "Tumeshindwa kufika kwenye seva, vituo vyako vipo salama, jaribu tena baada ya muda." Dogo akakaa anaziangalia, akachomoa waya wa mtandao kuona ya pili inavyokuja, akaurudisha, alafu akaanza kutafuta kwenye kodi yake mwenyewe sehemu zote alizoandika return null.